Coaster la shule limeacha mkia juu ya reli asubuhi hii. Wazazi wa Dodoma, tuongee

Mama_Zabibu (mleta mada)
Jumanne, saa 3:12 usiku

Mbukwenyi wana Dodoma. Wakubwa shikamooni, wengine poleni na baridi na upepo wa mwezi huu wa saba.

Sikupanga kuandika. Tangu asubuhi najiambia yamepita, mtoto mzima, kalala hapa pembeni, nini tena. Lakini kila nikifumba macho nauona ule mkia wa Coaster.

Iko hivi. Mwanangu yuko darasa la pili, shule ya binafsi upande wa pili wa mji. Shule siitaji, na anayeijua naomba asiitaje, sijaja kuchafua jina la mtu. Gari humpitia saa kumi na mbili na dakika ishirini, kigizagiza bado kipo. Leo tulichelewa, gari likatuacha, nikapanda naye bodaboda tulifukuze. Tukalikuta kwenye reli. Nasema reli ya zamani, siyo ile mpya ya treni ya mwendokasi.

Kivuko chenyewe hakina geti. Kuna kile kibao cha alama ya msalaba kilichoshika kutu, basi. Ukishavuka reli, hata mita 15 hazifiki unakutana na barabara kubwa, na magari hujipanga hapo kusubiri upenyo wa kuingia. Leo mbele lilikuwepo lori la mchanga, nyuma yake Noah, nyuma ya Noah ndiyo Coaster letu. Noah ilivyosogea na dereva wetu akasogea. Noah ikasimama. Naye akasimama, magurudumu ya nyuma yako katikati ya reli. Nyuma yake bajaji na boda zimeshamkaba, hata angetaka kurudi hawezi.

Halafu nikasikia honi. Mbali, lakini honi ya treni haifanani na kitu kingine.

Watoto wa kioo cha nyuma walimwona mwanangu wakaanza kumpungia. Wanacheka. Muziki unapiga ndani ya gari mpaka sisi nje tunasikia. Honi ya pili ikaja, karibu zaidi. Boda wangu akapiga kelele "sogea, sogea!" kana kwamba kuna pa kusogea. Lori likapata upenyo, Noah ikafuata, Coaster likatoka. Treni ya mizigo ikapita, matangi matupu, yanagongana ngwa ngwa ngwa. Boda anasema ilikuwa kama dakika nzima kati ya Coaster kutoka na treni kufika. Mimi siwezi kusema, magoti yalikuwa yanacheza.

Kilichonifanya niandike ni maneno ya mtoto. Nimemuuliza uliogopa? Kanijibu, "Mama, mbona huwa tunakaa hapo kila siku."

Nimepiga simu shuleni. Nimejibiwa dereva ana uzoefu wa miaka mingi, nisiwe na wasiwasi. Na kweli ni mtu mstaarabu, halewi, watoto wanampenda. Hicho ndicho kinachonitisha, maana mlevi ningejua la kumfanya.

Wenzangu mnaofahamu mambo haya, gari la shule linatakiwa livuke vipi reli? Kuna utaratibu wowote au ni Mungu tu?

---

KijanaWaMtumba
Jumanne, saa 3:30 usiku

Pole sana dada. Ila swali la kijinga: reli ya zamani si ndiyo inakufa? Mwendokasi umeanza kubeba watu Dar mpaka Dodoma tangu Julai 2024. Nilidhani zile za dizeli zinahesabu siku.

---

Mzee_wa_Honi
Jumanne, saa 4:02 usiku

Kijana, haijafa. Nimeendesha vichwa vya treni kwenye reli ya kati mpaka nikastaafu, na nyumba yangu iko mahali ambapo usiku nikiisikia najua hata ni mzigo wa aina gani. Mizigo ya Tabora, Mwanza na Kigoma bado inapita kwenye reli hii ya mita moja. Wajerumani waliifikisha hapa Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mji ulikuja baadaye ukaizunguka reli, na barabara nyingi tunazovukia leo zilianza kama njia za ng'ombe na miguu.

Na wewe umegusa kitu bila kujua. Reli ya kisasa imezungushiwa uzio, barabara zinapita juu yake au chini yake, hakuna mahali gari linakanyaga chuma. Kwa hiyo watu wameshazoea kwamba treni ni kitu kilicho ndani ya uzio. Wakifika kwenye reli ya zamani wanavuka kama wanavuka tuta la barabarani.

Mama Zabibu, nikueleze upande wangu, wa mtu aliyekaa kule juu. Nikikiona kivuko napiga honi, hiyo ni kazi yangu. Nikiliona gari limesimama juu ya reli navuta breki ya dharura. Baada ya hapo mimi ni abiria kama wengine. Mzigo wa mamia ya tani hausimami kama gari. Treni ndefu ya mizigo ikiwa kwenye mwendo mkubwa inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi. Siwezi kukata kona. Siwezi kukukwepa. Watu hudhani dereva wa treni amewaona kwa hiyo amewahurumia.

Jambo la pili, jicho linadanganya. Kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako kinaonekana kama kinatambaa. Utaona taa, utasema bado iko mbali, na hiyo taa inakula mita 17 kila sekunde kama mwendo ni kilomita 60 kwa saa.

La tatu ni upepo wetu huu. Upepo ukivuma kutoka kwako kuja kwangu, honi yangu inarudishwa nilikotoka. Ongeza vioo vilivyofungwa, ongeza muziki, ongeza watoto thelathini wanaoimba. Hapo hata ningepiga honi mpaka ikauke.

Sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa uzito wa treni. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria ilishindwa kilima ikarudi kinyumenyume hadi kuivaa ya mizigo. Watu 281. Nilikuwa kazini miaka hiyo na sipendi kuisimulia, naitaja tu ili mjue chuma kikishaamua kwenda hakiulizi breki.

---

Binti_Bahi
Jumanne, saa 4:15 usiku

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Kumbe siku zote nakaa kwenye daladala nikiiona taa nasema "tutawahi".

---

Mzee_wa_Honi

Marahaba mwanangu. Wote wanasema hivyo.

---

Spana_Namba_Kumi
Jumanne, saa 4:21 usiku

Mnazunguka. Jibu ni geti. Shirika la reli liweke geti la umeme na taa nyekundu kila kivuko, mjadala uishe. Wazazi tunalipa ada, tunalipa kodi, halafu tufundishwe kusikiliza honi kama mbuzi?

---

DerevaWaNjano
Jumatano, saa 11:05 alfajiri

Nasoma huku nasubiri gari lipate moto. Mimi ni dereva wa gari la shule, siyo hilo la mama, lakini lingeweza kuwa hilo. Niseme ukweli wangu halafu mnitukane.

Coaster moja inafanya tripu mbili asubuhi. Ya kwanza naanza saa kumi na moja na robo, naikusanya, naimwaga shuleni, nageuza kuchukua ya pili. Ya pili ikichelewa mstarini, mwalimu wa zamu anawasimamisha watoto, mzazi anapiga simu, mkurugenzi ananiita mimi. Hakuna anayeniuliza nimevukaje reli. Ninaulizwa nimefika saa ngapi.

Nikisimama kabla ya reli, boda wanapita kushoto na kulia, wanajaza ile nafasi ya mbele niliyokuwa naisubiri. Daladala nyuma inanipigia honi, konda ananiita "mzee umesinzia?" Ukishatukanwa hivyo mwezi mzima, siku moja unaacha kusimama. Hujaamua. Unaacha tu.

Muziki ni wa watoto, wasipowekewa wanapigana. Hilo mtanisamehe.

---

Mama_Zabibu
Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Kaka asante. Wala sikutukani. Kumbe mimi mwenyewe nimo kwenye hiyo simu inayopigwa. Muhula uliopita nilipiga mara mbili kulalamika gari linachelewa dakika kumi.

---

Ndugu_Ughaibuni
Jumatano, saa 5:50 asubuhi

Salamu kutoka Ohio. Nimezaliwa Makole, nimeondoka zamani, na hapa Marekani nimeendesha basi la shule miaka mitatu kabla sijahamia malori. Naweza kujibu swali la mama kwa jinsi tulivyofundishwa, mtachukua mnachoweza.

Ukikaribia reli unawasha taa za hazadi. Unasimama, siyo karibu sana wala mbali sana: sheria yao inasema kati ya futi 15 na 50 kutoka reli ya kwanza, yaani kama mita 4 na nusu hadi 15. Unazima redio, unazima feni. Unawaambia watoto kimya. Halafu unafungua dirisha lako NA MLANGO wa abiria. Wageni huwa wanaucheka huu mlango. Ni kwa ajili ya masikio, na pia kioo cha mlango kikitoka njiani unaona vizuri upande wa kulia. (Kwao mlango uko kulia. Kwetu utakuwa kushoto, kazi ni ileile.) Unaangalia pande zote mbili, unarudia. Ukiridhika unafunga, unavuka kwa gia moja, hubadilishi gia ukiwa juu ya reli, maana hapo ndipo gari huzimika.

Hii wanaifanya hata taa ya kivuko isipowaka, hata kama treni ilipita dakika tano zilizopita. Haikuanza kwa hekima, ilianza kwa msiba. Desemba 1938 huko Utah, theluji inaanguka, basi la wanafunzi lilivuka mbele ya treni ya mizigo. Walikufa zaidi ya 20. Mlango wa kufunguliwa ulienea baada ya hapo.

Sasa mama, kisa chako wewe kinafanana na kingine. Oktoba 1995, mji unaitwa Fox River Grove, jimbo la Illinois. Dereva alikuwa wa kushikia zamu, si gari lake la kila siku. Alivuka reli akasimama kwenye taa nyekundu iliyokuwa mbele kidogo. Akadhani amevuka. Mkia wa basi ulikuwa umebaki nyuma, kipande kisichofika hata mita moja kilichoingia kwenye njia ya treni. Wanafunzi wa nyuma waliiona inakuja wakapiga kelele. Walikufa 7. Pale kulikuwa na geti, kengele, taa, kila kitu anachotaka ndugu Spana. Ila taa ya barabarani ilikuwa haitoi muda wa kutosha kuondoa magari kabla treni haijafika.

Kwa hiyo somo la kwanza tulilopewa darasani halikuwa la treni. Ni hili: usiingie mpaka uone nafasi ya gari lako ZIMA ng'ambo ya pili.

---

Chaki_na_Ubao
Jumatano, saa 8:10 mchana

Mwalimu hapa. Ndugu Ughaibuni kanisaidia, naongezea kwa Spana.

Geti nalitaka na mimi. Lakini Agosti 2010 huko Blackheath, Cape Town, geti lilikuwepo na lilikuwa limeshashuka. Dereva wa kipanya kilichobeba wanafunzi akayapita magari yaliyokuwa yamesimama, akalizunguka geti. Watoto 10 wakafa. Novemba 2012 huko Manfalut, Misri, geti lilikuwepo lakini halikufungwa, mlinzi akadaiwa alikuwa amesinzia. Basi la watoto wa chekechea, wakafa karibu 50, na waziri wa uchukuzi akajiuzulu.

Tusiende mbali. Mwishoni mwa Novemba 2023 hapo jirani Manyoni, basi la abiria liligongana na treni kivukoni, watu 13 wakapoteza maisha. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepoteza mjomba wake pale. Darasa zima lilikaa kimya siku ile, na mimi nikaendelea na mada ya Bonde la Ufa kwa sababu sikujua la kusema.

Na kuhusu muziki, DerevaWaNjano utanisamehe: Aprili 2018 huko Kushinagar, India, dereva wa gari la shule aliripotiwa kuwa na spika za masikioni alipovuka kivuko kisicho na mlinzi. Watoto 13. Wahindi walikimbizana kweli baada ya misiba ya namna hiyo, na mwanzoni mwa 2019 wakatangaza wameviondoa vivuko visivyo na mlinzi kwenye reli zao pana. Wamejenga madaraja, wameweka walinzi, wengine wamefunga kabisa. Kwa hiyo serikali kufanya inawezekana, Spana hujakosea. Ila Jumatatu asubuhi mtoto anapanda gari kabla daraja halijajengwa.

---

Spana_Namba_Kumi
Jumatano, saa 8:31 mchana

Sawa mwalimu. Lakini mkizoea kusema "dereva asimame" wenye mamlaka watakunja mikono. Mimi nawajua.

---

Chaki_na_Ubao

Hapo sina ubishi.

---

Kunguru_wa_Sabasaba
Jumatano, saa 8:40 mchana

Swali nje ya mada kidogo. Mleta mada ulimpakia mtoto wa darasa la pili kwenye bodaboda, kigizagiza, mnalifukuza basi. Kofia ngumu alikuwa nayo?

---

Mama_Zabibu
Jumatano, saa 9:02 mchana

Hakuwa nayo. Hata mimi sikuwa nayo. Piga, nastahili.

---

Kunguru_wa_Sabasaba

Sipigi dada. Nimeuliza tu kwa sababu na mimi leo asubuhi nimefanya hivyohivyo.

---

Tepu_na_Rula
Jumatano, saa 2:25 usiku

Kazi yangu ni kupima barabara, na leo jioni nimepita kwenye kivuko nadhani ndicho cha mleta mada (sitakitaja). Nimehesabu kwa hatua zangu, msinidai tepu. Kutoka reli ya mwisho hadi mstari wa kusimama wa barabara kubwa ni kama mita 15.

Sasa wekeni magari. Lori la mchanga kama mita 8. Noah inakaribia 5. Zimebaki mita 2. Coaster ina kama mita 7. Na lazima mkia ukae mbali na chuma, kwa sababu behewa ni pana kuliko reli, linatokeza kila upande. Mzee wa Honi atanisahihisha.

Maana yake ni kwamba likiwepo lori hapo mbele, Coaster HAINA nafasi. Asubuhi ile haikuwa bahati mbaya. Mtoto kasema vizuri kuliko sisi wote: hukaa hapo kila siku. Hesabu inasema lazima akae hapo kila siku.

Kingine. Gari likisimama mita 5 kabla ya reli, linatakiwa litembee kama mita 15 mpaka mkia utoke salama. Coaster iliyojaa, inaanza kutoka kusimama, inapanda lile tuta la reli: mpe sekunde 8. Treni ya kilomita 60 kwa saa ndani ya sekunde 8 imekula zaidi ya mita 130. Nimesimama pale nikaangalia upande wa machweo. Kuna kichaka cha mikwaju na kibanda cha mkaa. Dereva akiwa kwenye siti hazioni hizo mita 130.

Kibanda kinaweza kusogezwa wiki hii, hakisubiri bajeti ya mtu. Kwanza hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, hakitakiwi kuwepo.

---

Mzee_wa_Honi
Jumatano, saa 2:50 usiku

Sikusahihishi. Behewa linatokeza karibu mita moja. Na huyo mama wa mkaa msimfukuze kwa mabavu, asogee tu nyuma. Sisi wenyewe tulikuwa tunanunua kwake.

---

Aunty_Koku
Alhamisi, saa 7:15 mchana

Mimi ni matroni wa gari la shule, mwaka wa nne. Kazi yangu kuhesabu vichwa, kufunga kamba za viatu, kufuta matapishi. Nasoma huu uzi nimejiuliza: gari likizimika juu ya reli, mimi nafanya nini? Hakuna aliyewahi kuniambia. Nina watoto 34, wa mwisho ana miaka minne na analia akishikwa na mtu asiyemjua.

Leo nimejaribu kufungua dirisha la dharura la nyuma. Halifunguki. Limepigwa rangi juu ya lachi.

---

Mzee_wa_Honi
Alhamisi, saa 8:00 mchana

Mwanangu, soma taratibu.

Gari likizimika juu ya reli, dereva asishindane na ufunguo zaidi ya mara moja. Watoto washuke. Mabegi yabaki. Wewe tangulia na wakubwa wawili walioshikana mikono na wadogo, dereva awe wa mwisho. Wasisimame karibu kuangalia.

Na wengi hukimbia kinyume. Usikimbie kuifuata treni inakoelekea. Toka kwenye reli, halafu nenda kwa mshazari kuelekea upande treni INAKOTOKEA. Akili inakataa, najua. Lakini treni ikilipiga gari, vyuma na vioo vinarushwa mbele, kule inakokwenda. Aliyekimbilia huko anafuatwa navyo.

Wakishakuwa mbali ndipo mtu apige simu stesheni ya karibu, au atume boda. Namba ya stesheni iandikwe kwa rangi ndani ya gari, siyo kwenye simu ya dereva iliyoisha chaji.

---

Aunty_Koku

Asante baba. Kesho nawafanyisha mazoezi ya kushuka, tukiwa uwanjani. Nitawaambia ni mchezo.

---

Mtani_wa_Kondoa
Alhamisi, saa 8:12 mchana

Sisi wa Kondoa reli haitufikii, tunafaidi amani. Ila mkimaliza ya reli njooni mtusaidie ya makorongo, mvua zikianza gari la shule linavuka mto kama kiboko.

---

Mama_Zabibu
Jumamosi, saa 11:20 jioni

Narudi kutoka shuleni. Niliwasihi wazazi kwenye grupu la WhatsApp, tukaenda 11. Nilitegemea 40.

Uongozi ulianza kwa kujihami. Gari lina leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, limekaguliwa, dereva ana uzoefu. Baba mmoja akapandisha sauti, mkutano ukataka kuvunjika. Nikatoa karatasi niliyochora mita 15 za Tepu: lori, Noah, na Coaster letu likiwa na mkia juu ya reli. Nikamwomba dereva mwenyewe aje aiangalie. Akaiangalia kwa muda. Akasema, "Ndivyo ilivyo. Huwa nasali." Mkurugenzi akamgeukia: mbona hujawahi kusema? Akajibu, nina tripu mbili.

Basi hapo maongezi yakabadilika.

Kilichopatikana ni hiki. Tripu ya pili mstari wao unasogezwa dakika 20 mbele, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Wazazi tumekubaliana hakuna kupiga simu ya kuchelewa ndani ya hizo dakika, na anayepiga anipigie mimi. Dereva anasimama kabla ya reli, redio inazimwa, mlango unafunguliwa. Matroni anashuka, anavuka kwa miguu, anasimama ng'ambo. Asipomwonyesha mkono kwamba nafasi ya gari zima ipo, gari halisogei, watukane wanaotukana. Tuliuliza kuhusu njia ya kuzungukia darajani, ni ndefu na mafuta hayatoshi, hilo tumeliacha linaning'inia. Barua mbili zimeandikwa, moja ya watu wa reli kuhusu kichaka na kibanda, nyingine ya TARURA, watu wa barabara, kuhusu ile sehemu ya kusubiria. Spana, nimekuwekea sahihi ya kwanza ya geti.

Dirisha la dharura la nyuma na letu lilikuwa limegandishwa na rangi. Fundi ameligonga na tindo mbele yetu.

---

DerevaWaNjano
Jumamosi, saa 1:05 usiku

Dakika 20. Dada, hujui umempa nini huyo mwenzangu. Nachapisha hii niende nayo kwa bosi wangu.

---

Mama_Zabibu
Jumatatu, saa 12:30 jioni

Taarifa fupi. Leo asubuhi nilijificha kwenye kibanda cha chai nikaangalia. Coaster lilikuja, likasimama, mlango ukafunguka. Bajaji tatu zikampigia honi. Boda mmoja akampita akamrushia neno siwezi kuliandika. Matroni akavuka na kanga yake kiunoni, akasimama ng'ambo, akatazama lile lori, akakataa kwa kichwa. Lori likaondoka. Akapunga mkono. Likavuka moja kwa moja bila kukanyaga breki.

Jioni nimemuuliza mwanangu leo kulikuwaje kwenye reli. Kasema, "Tulinyamaza wote, tukasikia kunguru."

---

Binti_Bahi
Jumatatu, saa 12:48 jioni

Nimetabasamu peke yangu kwenye daladala. Swali moja dada: zile Jumamosi za masomo ya ziada wanabebwa na gari lilelile?

---

Mama_Zabibu
Jumatatu, saa 12:51 jioni

Hapana. Jumamosi wanakodi Hiace. Dereva wake simjui hata jina.

Ngoja nimtafute matroni anipe namba.